Nafasi ya Wepesi Uliokithiri wa Ndege za Kivita katika Mapigano ya Kisasa ya Angani

Ikisiri

Makala hii inachunguza iwapo wepesi uliokithiri wa ndege za kivita bado una nafasi katika mapigano ya kisasa ya angani. Hoja zake zimejengwa juu ya kanuni za fizikia ya mwendo na juu ya mapigano yaliyotokea Vietnam, visiwa vya Falkland, Iraq, Pembe ya Afrika, Kashmir na Syria. Makala inatofautisha aina mbili za wepesi ambazo aghalabu huchanganywa. Ya kwanza ni wepesi wa nishati, yaani uwezo wa kupata, kutunza na kurejesha mwendo na kimo. Ya pili ni wepesi wa pua, yaani uwezo wa kuelekeza pua ya ndege upande autakao rubani hata pale mabawa yanapokuwa yamepoteza mnyanyuko. Inabainishwa kuwa kazi ya wepesi wa pua kwa kiasi kikubwa imechukuliwa na kombora na kofia ya rubani, ilhali wepesi wa nishati umebaki na thamani yake kwa sababu ndio unaoliongezea kombora masafa na ndio unaompa rubani nafasi ya kuponyoka.

Maneno muhimu: ndege za kivita, wepesi, nishati, kombora, upeo wa macho

1.0 Utangulizi

Mwezi Juni 1989, katika maonesho ya ndege ya Le Bourget, Paris, rubani wa Kisovieti Viktor Pugachev aliwaonesha watazamaji jambo ambalo wengi wao hawakuwahi kuliona. Akiwa katika ndege ya Su-27, aliinua pua ya ndege hiyo ghafla hadi ikapita wima na kuelekea nyuma kidogo, huku ndege yenyewe ikiendelea kwenda mbele kwa tumbo. Baada ya muda mfupi pua ilishuka na ndege ikaendelea na safari yake. Mtindo huo ulipewa jina la nyoka aina ya swila anayeinua kichwa, na tangu hapo umekuwa kipimo ambacho watu wengi hukitumia kuamua ndege ipi ni bora.

Miaka 26 baadaye mjadala uliibuka upande wa pili. Katikati ya mwaka 2015 ilivuja ripoti ya jaribio lililofanywa Marekani mwezi Januari mwaka huo, ambapo ndege mpya ya F-35A ilipambanishwa kwa karibu na F-16, ndege iliyoanza kutumika miaka ya 1970. Ripoti ilieleza kuwa F-35 ilipungukiwa nishati mbele ya mwenzake huyo wa zamani. Wakosoaji waliona katika ripoti hiyo uthibitisho kwamba fedha nyingi zimepotea. Watetezi walijibu kuwa ndege iliyojaribiwa haikuwa na vihisi vyake kamili wala rangi yake maalumu ya kuikwepa rada, na kwamba haikusudiwi kupigana kwa kufukuzana.

Majibu yote mawili yanaacha swali la msingi bila kujibiwa: wepesi upi hasa unaozungumziwa, nao unafanya kazi gani? Swali hili si la kinadharia tu. Ndege ya kivita hununuliwa leo ili itumike kwa miaka 30 au 40, na kila kilo ya uzito inayotumika kwa mdomo wa injini unaogeuka ni kilo iliyokosekana kwa mafuta, rada au kombora. Taifa likikosea katika chaguo hilo, gharama ya kosa hailipwi kwa fedha peke yake bali pia kwa maisha ya marubani.

2.0 Dhana ya Wepesi

Wepesi unaojadiliwa hapa si uchache wa uzito, bali ni uwezo wa ndege kubadili mwelekeo, mwendo na kimo kwa haraka. Uwezo huo una sura mbili.

2.1 Wepesi wa Nishati

Katika miaka ya 1960, afisa wa Jeshi la Anga la Marekani John Boyd, akishirikiana na mwanahisabati Thomas Christie, aliweka msingi wa kuzilinganisha ndege kwa kipimo cha nishati. Kwa mujibu wa nadharia yao, ndege iliyo angani ina akiba mbili, yaani kimo chake na mwendo wake. Rubani anaweza kubadilisha akiba moja kuwa nyingine: akishuka hupata mwendo, akipanda hupata kimo. Kinachoongeza jumla ya akiba hizo ni ziada ya msukumo wa injini juu ya ukinzani wa hewa. Ndege yenye ziada kubwa kwa kila kilo ya uzito wake ndiyo inayoweza kugeuka bila kufilisika.

Nadharia hiyo inaeleza pia kwa nini mwendo mkubwa hauleti kona fupi. Ndege inayokwenda mita 200 kwa sekunde na kugeuka kwa mzigo wa mara 9 ya uvutano wa dunia huzunguka duara lenye nusukipenyo cha mita 456 hivi, na pua yake hugeuka takribani nyuzi 25 kwa sekunde. Mwendo ukipanda hadi mita 300 kwa sekunde, kwa mzigo uleule, nusukipenyo huzidi mita 1,000 na pua hugeuka nyuzi 17 tu kwa sekunde. Mzigo wenyewe hauwezi kuongezwa ovyo, kwani kikomo cha mara 9 kimewekwa kwa kuzingatia umbo la ndege na pia mwili wa binadamu. Kwa mzigo huo rubani mwenye kilo 80 hubanwa kitini kana kwamba ana kilo 720, damu huukimbia ubongo wake, naye anaweza kuzimia asipojikaza na kusaidiwa na suruali ya hewa.

2.2 Wepesi wa Pua

Sura ya pili huanza pale sura ya kwanza inapokoma. Bawa likiinuliwa mno dhidi ya upepo, hewa huacha kulifuata na mnyanyuko hupotea. Ndege ya kawaida hapo huanguka au huzunguka bila kutawalika. Ndege yenye mdomo wa injini unaogeuka, au yenye umbo maalumu kama la Su-27, inaweza kuendelea kutawalika kwa muda ikiwa katika hali hiyo. Ndege ya majaribio X-31, iliyotengenezwa kwa ushirikiano wa Marekani na Ujerumani na kuruka mara ya kwanza mwaka 1990, ilifikisha pembe ya nyuzi 70 dhidi ya upepo ikiwa bado inamtii rubani. Katika mapambano ya mazoezi ya ana kwa ana dhidi ya F/A-18, ilishinda mara nyingi.

Matokeo hayo ni ya kweli, lakini yana sharti. Mazoezi hayo yalihusisha ndege moja dhidi ya moja, zikianzia karibu, na hapakuwa na mtu wa tatu. Gharama ya kuinua pua namna hiyo hufichika pasipo na mtu wa tatu wa kuidai. Ichukuliwe ndege iliyo kwenye kimo cha mita 6,000 ikienda mita 250 kwa sekunde. Jumla ya nishati yake ni sawa na kimo cha mita 9,190 hivi. Ikiinua pua na mwendo ukaporomoka hadi mita 100 kwa sekunde, jumla hiyo hushuka hadi mita 6,510. Ndege imepoteza takribani mita 2,680 za nishati. Hata kama injini zinaweza kurejesha mita 100 za nishati kwa kila sekunde, itahitaji sekunde 27 kurudi ilipokuwa. Katika muda huo kombora linalokwenda mita 800 kwa sekunde husafiri zaidi ya kilomita 21. Kwa hiyo, ndege iliyogeuza pua na kukosa shabaha hubaki kwa karibu nusu dakika ikiwa shabaha rahisi kwa kila adui aliyeko ndani ya umbali huo.

3.0 Ushahidi wa Mapigano

3.1 Kuanzia Vita Kuu ya Pili hadi Vietnam

Hata kabla ya enzi ya makombora, ndege inayogeuka vizuri zaidi haikuwa mshindi wa lazima. Mitsubishi A6M Zero ya Japani iliweza kugeuka ndani ya duara la karibu ndege yoyote ya Marekani katika Pasifiki. Marubani wa Marekani walijifunza kutokubali mchezo huo: walishambulia kutoka juu kwa kasi, wakapita, kisha wakapanda tena. Erich Hartmann wa Ujerumani, aliyehesabiwa ushindi 352, hakupenda mapigano ya kuzungushana. Njia yake ilikuwa kuona kwanza, kuamua, kushambulia kwa karibu na kuondoka.

Vietnam ilileta funzo linaloonekana kupingana na hilo. Marekani iliingia vitani na F-4 Phantom, ndege iliyobuniwa kwa imani kwamba kombora limemaliza zama za kufukuzana. Matoleo yake ya mwanzo hayakuwa na bunduki ya ndani. Katika kampeni ya 1965 hadi 1968, ni takribani kombora moja tu kati ya kumi ya aina ya AIM-7 Sparrow lililopiga shabaha. Aidha, kanuni za vita mara nyingi zilimtaka rubani amtambue adui kwa macho kabla ya kufyatua, sharti lililomwondolea faida ya masafa na kumsogeza kwenye uwanja wa MiG-17, ndege ndogo inayogeuka kwa kona fupi. Jeshi la Wanamaji lilijibu kwa kuanzisha shule ya TOPGUN mwaka 1969, na matokeo yake dhidi ya ndege za MiG yakaboreka sana. Ieleweke kuwa ndege haikubadilika kuwa nyepesi zaidi. Kilichobadilika ni rubani, aliyefundishwa kutumia nguvu ya injini za Phantom kupanda wima badala ya kugeuka sambamba na MiG.

3.2 Falkland 1982 na Iraq 1991

Sea Harrier ya Uingereza ilikuwa na midomo ya injini inayogeuka, na mbinu ya kuitumia wakati wa mapigano ilikuwa imekwisha kujaribiwa katika mazoezi. Katika vita vya Falkland, Sea Harrier ziliangusha ndege 20 hivi za Argentina, na hakuna hata moja kati yake iliyoangushwa na ndege ya adui. Hata hivyo, ushindi huo haukutokana na mbinu hiyo. Ulitokana na kombora la AIM-9L, na mazoezi ya marubani, pamoja na ukweli kwamba marubani wa Argentina walikuwa wakiruka mwisho wa masafa yao, wakiwa na mafuta ya dakika chache tu za kupigana.

Tukio la tarehe 19 Januari 1991 nchini Iraq lina funzo la ziada. F-15C mbili za Marekani zilikabiliana na MiG-29 mbili za Iraq. MiG-29 ya kwanza iliangushwa kwa kombora la Sparrow. Ya pili ilikutana kwa karibu na F-15 iliyosalia, na ndege hizo zikaanza kuzungukana huku zikishuka kuelekea ardhini. Rubani wa Iraq alijaribu kugeuka kwa kupinduka kuelekea chini, lakini kimo hakikutosha na ndege yake ikagonga ardhi bila kupigwa kombora wala risasi. MiG-29 ilisifiwa kote duniani kwa wepesi wake. Sifa hiyo haikuweza kumrudishia rubani kimo alichokuwa amekwisha kukitumia.

3.3 Pembe ya Afrika 1999

Mfano ulio karibu zaidi na Afrika Mashariki ni vita kati ya Ethiopia na Eritrea. Mwezi Februari 1999, Su-27 za Ethiopia zilikutana na MiG-29 za Eritrea. Ndege zote mbili ni za asili ya Kisovieti, zote zinasifika kwa wepesi, na zote zilibeba makombora ya aina zinazofanana. Idadi kamili ya hasara bado ina ubishi, lakini wachambuzi kwa jumla wanaafikiana juu ya mambo mawili. Kwanza, Su-27 ndizo zilizoshinda. Pili, makombora mengi ya masafa ya kati aina ya R-27 hayakupiga shabaha, na kombora la masafa mafupi R-73 ndilo lililofanya kazi kubwa zaidi.

Mfano huu una uzito kwa sababu unazuia hitimisho la haraka. Kombora la mbali linaposhindwa, ndege hukaribiana, na anayedai kuwa mapigano ya karibu yamekwisha kabisa anapaswa kuueleza mwezi huo wa Februari. Hata hivyo, Su-27 ni ndege kubwa zaidi, yenye mafuta mengi zaidi na rada kubwa zaidi kuliko MiG-29. Inaweza kukaa angani muda mrefu na kuchagua wakati wa kuingia na wa kutoka. Wepesi wa pua ndege zote mbili zilikuwa nao. Kilichozitofautisha ni akiba.

4.0 Kombora na Kofia

Katikati ya miaka ya 1980, Wasovieti waliiwekea MiG-29 kifaa cha kulengea kilichofungwa kwenye kofia ya rubani, kikifanya kazi pamoja na kombora la R-73. Rubani hakuhitaji tena kuelekeza pua kwa adui. Alitakiwa kugeuza kichwa tu, na kombora likakunja kona lenyewe. Baada ya Ujerumani kuungana mwaka 1990, nchi za Magharibi zilizikagua MiG-29 zilizokuwa za Ujerumani Mashariki na kutambua ukubwa wa pengo hilo. Baadaye Marekani ilitoa AIM-9X pamoja na kofia yake.

Mabadiliko haya ndiyo yaliyopunguza thamani ya wepesi wa pua. Kwa ndege mbili zilizo karibu, zenye kofia na makombora ya namna hii, hata ndege isiyogeuka vizuri inaweza kufyatua kabla ya kumaliza kona. Uwezekano wa wote wawili kuangushana ni mkubwa. Kwa hiyo rubani mwenye busara hutafuta kuyaepuka mapigano ya karibu hata kama anaamini kuwa ndege yake ni nyepesi zaidi. Wakati huohuo kombora halina mwili wa kuzimia: linaweza kustahimili mzigo unaozidi mara 30 ya uvutano wa dunia.

5.0 Mahali Wepesi Unapobaki na Kazi

5.1 Kuponyoka Kombora

Kombora lina udhaifu wake. Kwa mwendo wa mita 800 kwa sekunde na mzigo wa mara 35, duara lake lina nusukipenyo cha mita 1,870 hivi, mara nne ya duara la ndege iliyotajwa katika 2.1. Ili kumfuata anayegeuka, kombora huhitaji uwezo wa kugeuka ulio mara kadhaa ya ule wa shabaha yake. Zaidi ya hayo, mota yake huwaka kwa sekunde chache tu. Baada ya hapo hutumia akiba, na kila kona hulipunguzia mwendo. Rubani anayeligundua mapema anaweza kugeuka na kukimbia akishuka, hadi kombora lichoke kabla ya kumfikia.

Hapa unaonekana umuhimu wa wepesi wa nishati. Anayefyatua akiwa juu na kwa kasi hulirithisha kombora lake kimo na mwendo, na hivyo masafa yake huongezeka. Anayekimbia akiwa na msukumo mkubwa huyapunguza masafa ya mwenzake. Ndiyo sababu F-22, inayoweza kuruka kwa zaidi ya mara 1.5 ya kasi ya sauti bila kuwasha moto wa ziada wa injini, inahofiwa hata na wanaoamini kuwa midomo yake inayogeuka haitatumika sana. Kinyume chake, kuinua pua na kusimama angani mbele ya kombora linalokuja ni kulirahisishia hesabu.

5.2 Utambuzi wa Adui

Sababu ya pili inayorudisha ndege ndani ya upeo wa macho ni ya kisiasa na kisheria. Tarehe 18 Juni 2017 nchini Syria, F/A-18E ya Marekani iliiangusha Su-22 ya Syria kwa karibu, baada ya maonyo. Kombora la kwanza, AIM-9X, lilikosa baada ya Su-22 kumwaga fataki za joto. La pili, AIM-120, lilipiga. Tukio hilo linaonesha kuwa kombora la kisasa bado linaweza kupotezwa, na kuwa katika anga yenye ndege za mataifa mengi rubani hulazimika kusogea ili ahakikishe.

Gharama ya kutohakikisha ilionekana Kashmir tarehe 27 Februari 2019. Wakati ndege za India na Pakistan zikipambana, na MiG-21 ya India ikiangushwa, kikosi cha ulinzi wa anga cha India kiliipiga kimakosa helikopta ya India yenyewe aina ya Mi-17. Wanajeshi sita waliokuwa ndani na raia mmoja aliyekuwa ardhini walifariki. Wepesi wowote wa ndege usingeziba pengo hilo la taarifa. Kabla ya kuuliza nani anageuka haraka, mapigano ya kisasa huuliza nani anajua aliye mbele yake ni nani.

6.0 Athari kwa Mataifa yenye Bajeti Ndogo

Matokeo haya yanayahusu zaidi mataifa yanayonunua ndege chache. Uganda, kwa mfano, ilipokea Su-30MK2 sita mwaka 2011 na 2012. Toleo hilo halina midomo ya injini inayogeuka iliyomo katika Su-30MKI ya India. Kwa mujibu wa hoja za makala hii, kukosekana kwa midomo hiyo si kasoro kubwa. Kwa kikosi cha ukubwa huo, maswali mazito zaidi ni mengine: marubani wanaruka saa ngapi kwa mwaka, makombora yaliyopo ghalani yana umri gani, vipuri vinapatikana kwa wakati, na rada za ardhini zinaweza kumwambia rubani kilicho mbele yake kabla hajakiona? Kombora la R-27 lililoshindwa mwaka 1999 linakumbusha kuwa silaha isiyotunzwa au isiyofanyiwa mazoezi humrudisha mwenyewe kwenye mapigano ya karibu ambayo hakuyapanga.

7.0 Hitimisho

Makala imeonesha kuwa swali la iwapo wepesi una maana haliwezi kujibiwa kwa neno moja. Wepesi wa pua ni uwezo halisi, lakini hutumia nishati ambayo rubani anaihitaji kubaki hai. Kazi yake ya kulenga sasa inafanywa kwa gharama ndogo zaidi na kofia na kombora. Umuhimu wake umebaki katika mlango mwembamba, pale ndege mbili zinapokutana karibu, bila wenzao, na makombora yakiwa yamekwisha au yameshindwa. Wepesi wa nishati, kwa upande wake, haujapungua thamani: unaongeza masafa ya silaha, unampa rubani hiari ya kupigana au kuondoka, na unabaki kuwa kinga yake ya mwisho.

Kwa msingi huo, ripoti ya mwaka 2015 juu ya F-35 ilistahili kuzingatiwa, kwa kuwa ilihusu nishati. Kinachohitaji kupunguziwa uzito ni mazoea ya kuipima ndege kwa michezo ya maonesho. Su-27 ya Le Bourget ilidhihirisha ufundi mkubwa wa wabunifu na wa rubani wake. Miaka 10 baadaye, ndege ya aina hiyohiyo ilipopigana angani mwa Pembe ya Afrika, kilichoamua ni kombora lililofanya kazi na akiba ya mafuta na nishati iliyomwezesha rubani kuchagua wakati wa kuingia na wa kutoka.